Saba, Wazima Wote

Mshauri wetu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa jikoni huku Komarock, ni saa nne ya asubuhi, na nyumba imenyamaza mpaka nasikia friji ikinguruma, nami naomba unisaidie kabla ya Jumapili ya mwisho ya mwezi wa sita kwa sababu siku hiyo ndiyo nitaaibika mbele ya watu wote nilio nao duniani, na baada ya hapo sijui nitaenda wapi tena. Majina ya watu humu ndani nimeyabadilisha, na langu usilitaje.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na minane, mtu wa Bungoma. Marehemu mume wangu, Mulongo, alikuwa wa reli, na tuliishi mtaa wa Mbotela, hapa Nairobi, miaka ishirini na tatu, watoto wakakulia hapo, na alipofariki mwaka wa tisini na mbili kijana wangu Patrobas, ambaye alikuwa ameshapata kazi ya ofisi na nyumba ya vyumba vitatu huku Komarock, akasema mama yake hawezi kuzeekea Mbotela akipanga foleni ya mfereji, akaja na pikapu akanihamisha mimi na kabati langu. Sikukataa. Nyumba ilikuwa imejaa, Patrobas na mke wake Carolyne na watoto wanne, na mimi wa saba, na asubuhi ukitaka kuoga lazima ugonge mlango na kupiga kelele.

Lakini Mbotela sikuiacha kabisa, na hapo ndipo maneno yangu yanaanza. Nyuma ya zile nyumba, upande wa mtaro mkubwa, kuna kipande cha ardhi ambacho zamani kilikuwa jaa la taka, na mwaka wa themanini na tisa sisi akina mama kumi na wawili tulikisafisha, tukatoa chupa na mabati na matairi, wiki tatu tunatoa tu, kisha tukapanda. Tuko na mboga za kienyeji, mrenda, saga, kunde na managu, tuko na shimo la mboji, na tangu mwaka jana tuko na mradi wa magunia, yaani unajaza gunia udongo na samadi, unatoboa pembeni, na sukuma wiki inaota pande zote mpaka juu. Mimi ndiye wa kitalu. Mbegu za saga ni ndogo sana, ukizimwaga hivi hivi zitasongamana mahali pamoja, kwa hivyo unazichanganya na majivu kwanza ndipo unanyunyiza, na hapo shambani hakuna anayezishika ila mimi. Nakuambia hivi si kwa kujisifu, ni ujue kwamba kuna mahali nahesabiwa.

Sasa utaratibu wetu ni huu. Hakuna mwenye kipande chake. Tunalima pamoja, na kila Jumamosi tukimaliza kuchuma, mboga zote zinamwagwa juu ya gunia moja na Lydiah, mwenyekiti wetu, anagawa kwa vinywa. Hajali nani amelima zaidi. Anakuita, nawe unajibu nyumba yako ina vinywa vingapi na hali yao. Anasema, "Mama Patrobas?" na mimi najibu, "Saba, wazima wote," na anahesabu konzi saba za mboga anaweka kwenye leso yangu. Ukisema kuna mgonjwa, mnaombewa hapo hapo, na baada ya chakula cha mchana utaona watu wamekuja kwako kuangalia. Hatuna daftari, na hakuna anayekuja kuchungulia vitanda vyako. Ni mdomo wako tu.

Mwaka jana mwezi wa kwanza Patrobas alihamishwa kikazi, akaenda Mombasa, na mwezi wa nne shule zilipofungwa Carolyne akafunga vitu na watoto wakamfuata baba yao. Patrobas akaniambia, "Mama, wewe utatuangalizia nyumba, tutakuwa tunakuja." Wamekuja mara moja, Krismasi, siku tatu.

Jumamosi ya kwanza baada ya wao kuondoka nilienda shambani nikiwa nimejiandaa kusema. Njia nzima nilikuwa narudia maneno moyoni, kwamba leo nitajibu mmoja, na mtu akiuliza nitaeleza, na haitakuwa kitu. Lydiah akaita. Nikafungua mdomo na neno likakataa kutoka, mshauri, nakuapia, nilijiona nimesimama pale na konzi moja ya mboga kwenye leso yangu kubwa, mbele ya wanawake ambao tulizaa pamoja na kunyonyesheana watoto, wanawake wanaorudi kwenye nyumba ambazo mtu akikohoa mwingine anauliza ni nini, na nikasema, "Saba, wazima wote." Nikajiambia nitarekebisha wiki ijayo. Hiyo wiki ijayo sasa ina mwaka mmoja na mwezi.

Hebu fikiria mboga za watu saba, na mlaji ni mmoja. Mara za kwanza nilipika zote kwa ile sufuria kubwa, kwa mazoea, nikakaa naziangalia. Nikajaribu kuanika, lakini huku hakuna mahali pa kuanika ambapo mtu hatauliza. Nikapeleka fungu kwa jirani, nikagonga geti, msichana wa kazi akachungulia kwa kale katundu, akasema mama hayuko lakini atampa, na kesho yake asubuhi nikaliona lile fungu kwenye pipa lao la taka, na kamba yangu ya mgomba bado imelifunga. Sikugonga tena. Tangu hapo ninazitupa mwenyewe. Mimi, ambaye mama yangu alikuwa akiokota punje moja ya mahindi chini na kuipangusa, ninatupa chakula kila wiki, naweka kwenye mfuko mweusi ili wazoa taka wasione.

Na ngoja nikuambie lile baya zaidi, kwa sababu nikiacha litanisumbua. Tukiwa tunapalilia akina mama huniuliza habari za wajukuu, nami nikaanza kuwaeleza. Kwamba huyu amekuwa wa tatu darasani, kwamba Luseno, yule mdogo mwenye jina la babu yake wa kale, ameng'oka meno mawili na anakataa kucheka. Mengine nilikuwa nimeyasikia kwa simu ya kibanda. Mengine nilitunga. Na nilifurahia kutunga. Nilikuwa nikiosha sahani yangu moja hapa jikoni huku natunga ya Jumamosi ijayo, na watu wanacheka kweli kweli, mwenzetu Aoko alicheka mpaka akaketi kwenye mboji.

Mwezi wa kumi nikashikwa na malaria. Siku tatu nililala humu ndani peke yangu, nilikuwa natambaa mpaka kwenye mfereji wa jikoni kunywa maji kwa kiganja kwa sababu kikombe kilikuwa kizito, na simu hatuna, na hakuna mtu aliyegonga. Jumamosi nikajikokota mpaka Mbotela. Lydiah akaita, nikasema, "Saba, mmoja mgonjwa." Wakauliza ni nani. Mshauri, ningesema ni mimi! Kitu gani kilinizuia? Nikasema ni Luseno. Wakafanya duara, wakashikana mikono, wakamwombea Luseno, na mimi hapo katikati homa inanitetemesha. Wakataka kuja kumwona nikasema ameshapata dawa, amelala. Basi Aoko akakimbia kwake akapika uji wa wimbi, akautia kwenye chupa ya chai, akaniambia umpelekee mtoto ungali moto. Nikaufikisha hapa, nikaketi kwenye ngazi ya mlango hata kabla ya kuingia, nikaunywa wote.

Sasa mwaka huu ukame ulitushika, wewe mwenyewe unajua, mpaka mwezi wa tatu hakuna mvua, mfereji unatoka maji mara moja kwa wiki, na mboga zikapungua. Konzi ikawa ndogo. Kuna mwenzetu anaitwa Triza, mwanamke mdogo, alijiunga mwaka jana mahali pa mmoja wetu aliyerudi nyumbani, anatoka Mathare kwa miguu, mume wake ni kibarua huko viwandani na siku hizo hakuwa anachukuliwa. Yeye hujibu tano. Jumamosi moja baada ya mgao nikamwona ameinama kwenye lile gunia akiokota majani yaliyobaki, yale ya manjano ambayo sisi hutupa kwenye mboji, anayapanga moja moja kwenye leso. Nami nimesimama na mboga za watu saba. Nikamfuata mpaka barabarani, nikamwambia, "Triza, chukua nusu ya hizi." Akarudi nyuma. Akasema, "Aki mama hapana, wewe uko na wale watoto wote. Hata kunifikiria tu umenisaidia." Akaenda. Nilizifikisha Komarock, na jioni ya Jumanne zilikuwa zimeoza.

Sasa nifikie hiyo Jumapili. Tangu Januari Lydiah alileta mpango kwamba kila Jumapili ya mwisho wa mwezi kikundi kinaenda kwa mwenzetu mmoja, tunabeba mboga za shamba, tunapika kwake na kula pamoja na watu wake. Mwezi wa sita ni zamu yangu. Wamefurahi ajabu, hakuna aliyewahi kufika huku. Aoko ameanza kumfumia Luseno sweta, juzi akaniuliza kifua chake sasa kimefika wapi, na mimi nikamwonyesha kwa mikono, nikapima hewa hivi, na yeye akapima kwa uzi wake katikati ya mikono yangu, akafunga fundo.

Nilienda kwenye kibanda cha simu hapa madukani nikampigia Patrobas. Nikamwomba alete watoto siku hiyo moja, kwa kuwa nitapata wageni. Akasema, "Mama, si ni wale wamama wa mboga tu? Waambie tuko safari." Nikasema sawa. Nikaweka simu hata sijawauliza watoto hali.

Nimefikiria kusema wamesafiri. Nimefikiria, na usinicheke, kuazima watoto wa shule ya Jumapili kutoka kanisani. Nimefikiria kuacha kwenda shambani kabisa, nisionekane tena, waulizane wachoke. Lakini mshauri, Jumamosi ndiyo siku pekee mtu huniita. Zile siku nyingine sita nisipowasha redio sisikii sauti ya binadamu ikisema nami, na wakati mwingine najibu mtangazaji. Nikiwaambia ukweli watajua kwamba nimekula kwa jina la watoto wasiokuwepo, wakati wa njaa, na watoto wa Triza wako hapo. Nisipowaambia watakuja na sufuria zao wapate vyumba vitatu vitupu. Nifanye nini?

Mimi,
Mama wa Saba, Komarock.


JIBU

Mdogo wangu,

Nakuita hivyo kwa sababu nimekuzidi miaka minne, na nitakusema kama dada mkubwa anavyosema, kwa hivyo keti vizuri.

Kwanza pole. Pole ya kweli. Barua yako niliisoma mara mbili, na nilipofika pale kwenye ngazi ya mlango na ile chupa ya uji, niliiweka barua mezani nikaenda dirishani kwanza. Nimekaa kwenye safu hii miaka mingi, nimeandikiwa na walevi na wake wenza na wachungaji waliopotea njia, na ni mara chache nimemwona mtu aliye mpweke namna yako akijitahidi hivyo kutoonekana.

Sasa tugombane. Ile Jumamosi ya kwanza siigusi. Neno lilikwama, ukasema saba, mtu yeyote angeteleza hapo. Lakini mwaka mzima, mama! Ulikuwa na Jumamosi zaidi ya hamsini za kurekebisha, na kila moja uliondoka na konzi sita ambazo si zako. Unazitupa kwenye mfuko mweusi ili wazoa taka wasione. Wazoa taka! Wao uliwaonea haya, na Triza aliyeinama mbele yako je? Usiniambie ulimpa akakataa. Alikataa kwa sababu ya uwongo wako. Alikuwa akiwahurumia wajukuu wako wanaokula samaki Mombasa, na watoto wake mwenyewe wakala majani ya manjano. Hilo ni kosa, si bahati mbaya, na nataka ulibebe kama kosa. Ukilifunika na machozi litakurudia.

Na hilo la malaria ndilo limeniudhi kuliko yote. Ulikuwa mgonjwa. Utaratibu wenu unasema mgonjwa aombewe na atembelewe. Huo ndio wakati pekee katika mwaka mzima ulipokuwa na haki ya kila kitu, ya maombi, ya uji, ya Lydiah kuja kukuwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso, nawe ukampa Luseno haki hiyo. Kwa nini? Kwa sababu mtoto akiugua ni jambo la kawaida, lakini mwanamke wa miaka hamsini na minane akiugua peke yake kwenye nyumba ya vyumba vitatu, hilo lazima lielezwe. Uliona haya kuhitaji watu. Haya gani hiyo? Hao wamenyonyesha watoto wako, umesema mwenyewe.

Haya, tufanye kazi.

Watoto wa shule ya Jumapili waache kanisani. Wataulizwa swali moja na Aoko, watajibu jina la mama yao, na hapo utakuwa mwizi wa mboga na mwizi wa watoto. Safari pia usiseme. Ukiwapeleka safari mwezi wa sita itabidi warudi mwezi wa saba, na utakuwa jikoni ukitunga mizigo waliyokuja nayo. Na kuacha shamba usithubutu. Wale kumi na mmoja watakutafuta, watapanga kukutafuta, watafika hapo kwako wakiwa na wasiwasi badala ya sufuria.

Utasema Jumamosi, si Jumapili. Jumapili wakishafika watakuwa wamekukamata, na mtu aliyekamatwa hata akisema ukweli husikika anajitetea. Nenda Jumamosi, palilia kama kawaida, subiri mgao. Lydiah akiita, jibu "Mmoja." Usianze na marehemu, usianze na uhamisho wa Patrobas, usilie kwanza. Sema mmoja na unyamaze mpaka waulize. Watauliza. Ndipo useme ni tangu lini, na useme zile mboga ulizitupa, na useme ile homa ilikuwa yako. Vitu vitatu, hivyo hivyo vilivyo. Ukiwa na konzi yako moja, uibebe uende nayo.

Kisha mfuate Triza peke yake. Na hapa nakuonya, kwa sababu naona unakokwenda. Una vyumba vitatu, yeye ana watoto na kibanda Mathare, na ukiwa na majuto utataka kumpa chumba siku hiyo hiyo. Hapana. Hiyo ni nyumba ya mwanao, na mtu hanunui msamaha kwa kitanda. Mwambie, "Nilikula chakula cha watoto wako," hivyo hivyo, kwa maneno hayo, na umwache akujibu anavyotaka. Akikutukana, sikiliza. Ukitaka kufanya kitu, una mikono inayojua mbegu za saga. Ana mlango Mathare, na mlangoni pake kunaweza kukaa gunia moja au mawili ya sukuma. Nenda umsaidie kujaza udongo, ikiwa atakubali, na asipokubali usishinikize.

Mwambie Aoko kabla hajafika kwenye mikono ya sweta, uzi ni ghali na Mombasa hakuna mtu anayevaa sweta. Amalize kama anataka, mtoto atavaa akija. Hilo ni lake kuamua.

Na atakuja vipi? Nimesoma ulivyoongea na Patrobas, na kwanza nilitaka kumwandikia yeye mistari miwili mikali. Kijana, ikiwa gazeti hili linafika huko, "wamama wa mboga tu" ndio wamekuwa wakimwombea mtoto wako kwa jina. Lakini na wewe mama, ulimwomba nini? Ulimwomba watoto kwa ajili ya wageni. Hukumwambia kwamba uliwahi kunywa maji kwa kiganja siku tatu. Hukumwambia kwamba unajibu redio. Anafikiri amekuachia nyumba nzuri na mama yake anastarehe. Rudi kwenye kile kibanda cha simu, mwambie, "Nimeshindwa kukaa peke yangu." Mwezi wa nane shule zikifungwa akuletee watoto wiki tatu, au akutumie nauli uende. Na umwambie unataka simu ya nyumbani, si ya kuongea na yeye tu, ya kuita mtu ukianguka. Asipoelewa mara ya kwanza, piga tena.

Jumapili usiiahirishe. Waje. Mle katika hivyo vyumba vitupu, wavione vilivyo.

Sasa neno moja kuhusu barua yenyewe. Ulibadilisha majina, vizuri. Lakini mdogo wangu, hapa Nairobi kuna mashamba mangapi yanayogawa mboga kwa kuitana vinywa? Mtu mmoja wa Mbotela akisoma aya ya nne atajua ni nyinyi. Ungeweza kuandika Makongeni au Kaloleni, na mimi nisingejua. Uliandika Mbotela, na uliandika Komarock, na ukaweka mpaka chupa ya uji ambayo Aoko ataitambua kama anavyotambua vidole vyake. Nadhani kuna mtu ndani yako anayetaka wasome. Namwelewa. Ni rahisi kukamatwa kuliko kusema. Lakini wasisome kwanza, wasikie kwanza. Kwa hivyo nakala ya jibu hili nimekutumia kwa posta, na gazetini nimelizuia majuma mawili. Nimekupa Jumamosi mbili. Sitakupa ya tatu, kwa sababu najua ungeiomba.

Watakasirika, sikufichi. Lydiah atakasirika kwa sababu ya utaratibu wake, Aoko kwa sababu alicheka, na wengine watakununia mpaka mvua za vuli. Usikimbie. Njoo kila Jumamosi, nyunyiza mbegu zako na majivu, jibu mmoja, nenda nyumbani. Unaogopa kuwapoteza, lakini mwaka mzima huu wamekuwa wakimpenda mwanamke mwenye nyumba ya watu saba, na huyo hayupo. Wewe bado hujawapa nafasi.